Mfumo wa injini kujizima na kujiwasha kwenye pikapu: je, ni kweli unachakaza stata, betri na beringi?

Dereva wa Mbagala (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa mawazo kutoka kwa mafundi na kwa wote wenye uzoefu na pikapu za miaka ya karibuni.

Ninamiliki pikapu ya dizeli ya kabini mbili, ya mwaka 2017, yenye gia za mkono, ambayo ilitumika Uingereza kabla ya kufika kwangu. Kazi yake ni kubeba samaki na barafu kutoka soko la Feri, Dar es Salaam, kwenda Mbagala na Kongowe, kwa hiyo kila siku ninapita Bendera Tatu, Mtoni na Zakhem, na kila siku ninakaa kwenye foleni. Gari hili lina mfumo wa injini kujizima yenyewe: nikisimama, nikatoa gia na kuachia klachi, injini inazima, nikikanyaga klachi tena, inawaka kabla mguu haujafika chini. Siku moja niliamua kuhesabu, nikapata mara 44 kwa safari za kwenda na kurudi.

Ndani ya miezi kumi na minne betri mbili zimenifia. Ya kwanza ilikuja na gari, na kufa kwake hakukunishangaza. Ya pili niliinunua mpya, "betri kavu" ya ukubwa uleule, nayo haikumaliza mwaka. Kabla haijafa kabisa niliona jambo ambalo hadi leo sijalielewa. Kwa karibu mwezi mzima injini haikujizima hata mara moja, niwe kwenye taa au kwenye foleni ndefu, nami nikafurahi nikidhani kwamba mfumo umeharibika wenyewe. Kisha asubuhi moja pale Feri, samaki wakiwa wamekwisha kupakiwa na barafu imeanza kuyeyuka, niligeuza ufunguo nikasikia stata inagonga tu, tak tak tak, bila kuzungusha injini.

Fundi wangu anasema betri ni mwanzo tu, kwamba stata itafuata, na baada ya stata zitafuata beringi za krenki, yaani za ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kwa sababu injini inayowashwa mara arobaini kwa siku haiwezi kudumu kama ile inayowashwa mara tatu. Anataka niukate mfumo huu moja kwa moja. Ninaomba kujua kama maneno hayo ni ya kweli, na ni vipuri gani hasa vinavyoumia. Gari hili ndilo linalosomesha watoto wangu, kwa hiyo nitashukuru kupata majibu ya mtu anayelijua jambo lenyewe. Naomba kuwasilisha.

Mwana wa Likoni

Ndugu mleta mada, pole sana kwa hasara hiyo. Mimi niko Mombasa na ushauri wangu ni kwamba uukate. Pikapu yangu ina mfumo kama huo. Stata iliyokuja nayo ilikufa gari likiwa na kilomita 170,000, nikanunua nyingine, nayo ikadumu miezi saba tu. Ilipofungwa ya tatu nilimwambia fundi auondoe mfumo, na huu ni mwaka wa pili sijagusa stata. Pale kivukoni Likoni magari husogea urefu wa gari moja kisha yakasimama, na injini yangu ilikuwa ikizima na kuwaka hata mara kumi kabla sijaingia kwenye kivuko. Sioni chuma gani kitakachostahimili kazi hiyo.

Fundi Umeme, Gerezani

Wakuu, nimefanya kazi ya umeme wa magari kwa miaka ishirini na miwili, na magari ya mfumo huu ninayapokea karibu kila wiki. Ndugu yetu wa Mombasa amesema kweli kuhusu yaliyompata, lakini naomba tutazame tena hesabu yake. Stata ya kwanza ilikwenda kilomita 170,000 mfumo ukiwa unafanya kazi. Iliyomwangusha ni ya pili, na nina hakika kwa sehemu kubwa kwamba aliuziwa stata ya gari la kawaida.

Stata ya kawaida hutengenezwa ihimili kuwashwa mara makumi machache ya maelfu. Ya mfumo huu hutengenezwa ihimili zaidi ya mara laki mbili. Kwa nje zinafanana, matundu ya boliti yanalingana, na meno yanaingia kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, bila shida, ndiyo maana muuzaji na mnunuzi wote wanaridhika. Tofauti iko ndani: kaboni zinazopitisha umeme ni ndefu na ngumu zaidi, shafti inazunguka kwenye beringi pale ambapo stata ya kawaida ina bushi, na bendiksi, ile gia ndogo ya stata, imetengenezwa ili iingie kwenye meno kwa ulaini. Wiki iliyopita nilikuwa na stata ya kawaida mezani, imetolewa kwenye pikapu ya mfumo huu baada ya miezi tisa. Kaboni zote nne zilikuwa zimelika hadi waya wake wa shaba unakaribia kugusa komutata (shaba inayozunguka ambayo kaboni huigusa), ndani kumejaa vumbi jeusi linaloganda vidoleni kama masizi ya chungu, na meno ya bendiksi yalikuwa yamechongoka upande mmoja. Haikuwa bandia wala mbovu. Ilikuwa stata nzuri iliyopewa kazi isiyo yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua, soma namba ya kipuri iliyochapwa kwenye kibandiko cha stata ya zamani na uifuate hiyo, hata ukiambiwa kwamba "hii nayo inakubali".

Sasa nije kwenye betri, kwa sababu mleta mada tatizo lake liko hapo na si penginepo. Betri ya kawaida imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde moja au mbili, kisha altaneta, yaani jenereta ya gari, irudishe kilichotoka. Kwenye mfumo huu injini inapozima, taa, feni ya kiyoyozi, redio na kompyuta za gari vyote vinaendelea kula betri, halafu betri hiyohiyo inatakiwa ipige stata. Inashuka, inapanda, inashuka tena, makumi ya mara kwa siku. Sahani za betri ya kawaida hazihimili mwendo huo. Udongo wa madini ya risasi uliopakwa kwenye sahani unalegea na kuporomoka. Kwa sababu hiyo magari haya hufungwa betri za aina mbili tu: ile yenye herufi EFB, ambayo ni betri ya maji iliyoimarishwa, au yenye herufi AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobanwa kati ya sahani.

Hapa ndipo neno "betri kavu" linapotuponza. Madukani kwetu betri kavu ni betri yoyote iliyozibwa juu, isiyoongezwa maji. Nyingi kati ya hizo ndani ni betri za maji za kawaida kabisa. Kuzibwa kwake hakuifanyi kuwa AGM. Tazama kibandiko; kama herufi hizo hazipo, hukununua betri ya mfumo huu. Tena joto letu la pwani linaongeza uzito: kanuni tunayoitumia mafundi ni kwamba kila joto la betri likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, uhai wake unakaribia kupungua nusu, nayo betri ya pikapu nyingi inakaa palepale karibu na injini.

Kuhusu ule mwezi ambao injini haikujizima, mfumo haukuwa umeharibika hata kidogo. Kwenye kichwa cha waya wa nagetivu kuna kijisanduku kidogo cha plastiki kilichochomekwa waya mwembamba. Hiyo ni sensa ya betri, nayo hupima umeme unaoingia na kutoka, volti na joto. Kompyuta ikiona chaji imeshuka kupita kiasi, inakataa kuzima injini kwa kuogopa kwamba haitaweza kuiwasha tena. Gari lilikuwa linakueleza kwa mwezi mzima kwamba betri imechoka. Dereva yeyote mwenye mfumo huu akiona umeacha kujizima katika mazingira uliyokuwa ukijizima, aende kupima betri siku hiyohiyo. Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12.4 maana yake chaji imebaki kama robo tatu; na stata ikipigwa, volti zisishuke chini ya 9.6.

Naomba mleta mada anijibu maswali mawili. Je, betri mpya ilipofungwa, fundi aliunganisha mashine akaiarifu kompyuta kwamba betri imebadilishwa? Na je, kuna kitu chochote cha ziada kilichofungwa kwenye gari, kama taa, king'ora au redio kubwa, na waya wake wa nagetivu umeshikizwa wapi?

Mhandisi Mitambo, Morogoro

Nimemsoma Fundi wa Gerezani kwa makini na sina la kuongeza kwenye umeme. Ningependa kujibu hofu ya beringi, kwa kuwa ni hofu yenye msingi wake na haifai kupuuzwa.

Krenki inapozunguka haigusi beringi zake. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili unaojengwa na mzunguko wenyewe. Injini ikizima, utando huo unaisha, krenki inashuka na kulala juu ya beringi ya chini, na mizunguko michache ya mwanzo ya kuwaka tena inapita chuma kikisugua chuma. Fundi anayesema kwamba kuwasha kunakula beringi anasema kweli. Asichokisema ni kwamba kuwasha kuko kwa namna mbili zisizolingana. Gari lililolala usiku kucha oili yake imeshuka yote kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini, imepoa na imekuwa nzito, na inachukua muda kufika juu. Gari lililozima kwa sekunde arobaini pale Mtoni bado lina oili ya moto kwenye kila njia, na presha inarudi karibu papo hapo. Zaidi ya hayo, mfumo hauzimi injini kabla haijapata joto lake la kazi, kwa hiyo ule uwashaji mbaya kuliko wote, wa alfajiri, unabaki mmoja tu kwa siku, mfumo uwepo au usiwepo.

Hata hivyo wingi nao una uzito wake. Wahandisi wa beringi walipolipigia hesabu jambo hili walikadiria kwamba gari la kawaida huwashwa hadi mara 50,000 katika uhai wake wote, na kwamba lenye mfumo huu linaweza kufikia mara 500,000. Chukua hesabu ya mleta mada mwenyewe: mara 44 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni mara 13,200. Ndani ya miaka minne amekwisha kupita kiwango cha gari la kawaida. Watengenezaji hawakuliacha hilo hivihivi. Beringi za injini nyingi za aina hii zimepakwa tabaka jembamba la plastiki ngumu lililochanganywa na chembechembe zinazopunguza msuguano, na tabaka hilo ndilo linalobeba krenki katika sekunde ile ambayo utando wa oili haujajengeka. Hofu yangu mimi iko kwenye siku ya kufanya ovahaoli, yaani kuifungua injini yote na kuitengeneza upya, pale mmiliki atakapofungiwa beringi za kawaida kwa sababu zinaingia na bei yake ni nafuu. Itakuwa hadithi ileile ya stata ya Mombasa, isipokuwa hasara yake ni ya injini nzima.

La pili ni oili. Injini hizi kwa kawaida huandikiwa oili nyepesi, kwa mfano 5W-30, na kitabu cha gari ndicho kinachotaja daraja kamili. Kuna mazoea ya kusema kwamba nchi yetu ina joto, kwa hiyo tuweke oili nzito ili injini isilie. Katika injini inayowashwa mara 44 kwa siku, ninachohitaji ni oili inayofika mapema kwenye beringi, na oili nzito ni mvivu wa kufika.

Kuna vipuri viwili ambavyo watu hawavitaji, nami ningevitazama kabla ya beringi. Pikapu nyingi za dizeli zenye gia za mkono zina flaiwili ya sahani mbili iliyofungiwa springi katikati. Kila injini inapowaka na kila inapozima, inapita kwenye mizunguko ya chini ambako mtikisiko ni mkubwa kuliko kote, na springi hizo ndizo zinazoumeza mtikisiko huo. Ukisikia mlio mzito wa kugonga, kama wa chuma kilichofunguka, ndani ya kasha la klachi wakati injini inazima, hapo pana kazi. Cha pili ni raba za kushikia injini, ambazo hupata mtikisiko huohuo.

Kuhusu kuukata mfumo, mimi nisingeukata. Injini inayoachwa ikinguruma bure nayo inakula mafuta, inapoa kuliko inavyotakiwa na kujaza masizi. Maabara ya Taifa ya Argonne ya Marekani ilionyesha kwamba kuzima na kuwasha tena kunatumia mafuta machache kuliko kuacha injini ikinguruma kwa zaidi ya sekunde 10. Pale ambapo trafiki anaongoza magari kwa mkono na upande wako unasimamishwa dakika nne au tano, zima bila wasiwasi. Pale ambapo mnasogea hatua mbili mbili, kama kivukoni Likoni, bonyeza kitufe chenye herufi A iliyozungushiwa mshale, mfumo ulale. Vilevile ukitoka kupanda mlima na mzigo, uzime mfumo kwa kitufe hicho kabla hujasimama, ili tabo (turbo) ipate dakika moja au mbili za oili na maji kuipoza.

Mbongo wa Michigan

Salamu kutoka huku, kaka zangu. Mfumo huu kwenye pikapu umekuwa jambo la kila siku Marekani. Ford F-150 ilianza kuuweka mwaka 2015 kwenye injini ya lita 2.7 yenye tabo, na baadaye ukaenea kwenye injini nyingine. Gari likivuta trela katika mpangilio wa kuvuta, mfumo unalala wenyewe, jambo linaloonyesha kwamba waliotengeneza walijua mahali ambapo haufai.

Ninachotaka kuongeza kinawahusu wenye giaboksi za otomatiki. Giaboksi hiyo hupata presha ya oili kutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizima, presha inaisha. Baadhi ya magari yamewekewa pampu ndogo ya umeme kushikilia presha. Giaboksi ya ZF ya gia nane ina kifaa kinachohifadhi oili kwa springi na kuisukuma mara tu injini inapowaka. Pikapu yako ikianza kugonga kila unapoachia breki, usikimbilie kulaumu stata.

Kuna pia pikapu ambazo hazitumii stata ya kawaida kwa kazi hii. Ram 1500 ya mwaka 2019 ililetwa na mota ya volti 48 inayozungusha injini kwa mkanda, na Toyota Hilux ikapata mfumo wa namna hiyo mwaka 2024. Uwashaji wake ni laini mno, ila mkanda na kikaza mkanda ndivyo vinavyobeba kazi ya stata, na mkanda wa bei rahisi hapo ni kosa. Pikapu yangu ya kazini ina miaka sita, stata ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, na betri nimebadilisha mara moja, AGM kwa AGM. Bei yake iliniuma, sitawaficha.

Dereva wa Mbagala

Wakuu, nawashukuru kwa moyo wote. Leo asubuhi baada ya kushusha mzigo nililifungua boneti na kulitazama kila mlilolitaja. Betri iliyokufa haina EFB wala AGM popote kwenye kibandiko chake. Nilimpigia simu aliyeifunga, akasema hakuunganisha mashine yoyote. Na swali la Fundi wa Gerezani kuhusu vitu vya ziada limenigusa hasa, kwa sababu mwaka jana nilifungiwa taa mbili kubwa nyuma kwa ajili ya kupakia samaki alfajiri, na waya wake wa nagetivu umebanwa moja kwa moja kwenye ncha ya betri, juu ya kile kijisanduku. Taa hizo huwaka karibu saa nzima injini ikiwa imezimwa. Mzee wangu, je, hilo nalo lina madhara?

Fundi Umeme, Gerezani

Lina madhara, tena makubwa. Umeme unaokwenda kwenye taa hizo haupiti kwenye sensa, kwa hiyo kompyuta haiuoni ukitoka. Inaamini betri imejaa wakati wewe umekwisha kuila kwa saa nzima, inaendelea kuizima injini kwenye foleni, na inaambia altaneta isichaji kwa nguvu. Inakuja kugundua baadaye sana, volti zikiwa zimeshuka kabisa, na huo ndio ule mwezi wako.

Hamisha waya wa nagetivu wa taa uufunge kwenye bodi, kwenye boliti safi iliyokwanguliwa rangi na kupakwa grisi, kwa kuwa maji ya chumvi ya samaki yanaila haraka. Ukibusti au ukichaji betri, kibanio cheusi nacho kiweke kwenye bodi. Weka betri ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama ilikuwa AGM, usishuke kwenda EFB. Ikishafungwa, hakikisha inasajiliwa kwa mashine, yaani kompyuta inaarifiwa kwamba betri imebadilishwa, mbele ya macho yako. Taa za kupakilia zibadilishwe ziwe za LED, na kama saa ya kupakia haipungui, basi ufungiwe betri ya pili ya taa peke yake. Stata yako usiiguse, maana kwa maelezo yako haijafanya kosa lolote.

Mwana wa Likoni

Nimekwenda kutazama risiti ya stata yangu ya pili na kuilinganisha na kibandiko cha ile ya kwanza, ambayo bado ninayo ghalani. Namba zake ni tofauti kabisa, na ya tatu niliyofunga ina namba sawa na ile ya pili. Fundi, nikitaka kuurudisha mfumo nitalazimika kuibadilisha hii kwanza?

Fundi Umeme, Gerezani

Ndiyo, ndugu yangu, ianze stata. Hiyo uliyonayo iache ifanye kazi hivyo hivyo mfumo ukiwa umezimwa mpaka ichoke yenyewe, na ile ya kwanza iliyoko ghalani usiitupe. Ipeleke kwa fundi aifungue. Mara nyingi zinahitaji kaboni mpya za aina yake na solenoidi tu, na zikirudishwa zinafanya kazi miaka mingine.